Shangazi, nalipwa kuuliza au kujibu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, nimeolewa, na karibu maisha yangu yote ya kazi nimekuwa idara ya rasilimali watu. Tangu nianze, watu wamekuwa wakinifuata na mambo yao. Huyu kapandishwa cheo na hajui namna ya kuwaongoza waliokuwa wenzake jana, yule anataka kuacha kazi lakini hajui aende wapi. Wengi wakitoka ofisini kwangu husema wamepata mwanga. Nikaanza kujiuliza: hiki ninachokifanya bure, kwa nini kisiwe ndiyo kazi yangu? Mwaka jana nikasoma ukocha binafsi kwa njia ya mtandao, nikamaliza, nikapewa cheti. Sasa nina wateja wachache. Baadhi wananilipa, wengine nawahudumia bure ili nijifunze.

Tatizo langu ni hili. Darasani tulifundishwa kwamba kocha hatoi majibu, kocha huuliza. Sawa. Lakini wateja hawataki kuulizwa! Mmoja aliniambia waziwazi, "Dada, maswali ninayo tele mimi mwenyewe, nimekuja kwako nipate majibu." Niliona aibu. Tangu hapo nikaanza kuchanganya: nauliza, ila nauliza kwa namna ya kumwonyesha mtu njia.

Nikupe mfano. Mteja wangu mwingine ni kijana, mhasibu. Mazungumzo yetu niliyaandika usiku uleule:

Yeye: Kila Ijumaa jioni bosi ananiletea kazi za wenzangu. Nimechoka.
Mimi: Umewahi kufikiria kumwambia kwamba hutaki?
Yeye: Nimewahi, lakini hasikii.
Mimi: Huoni kwamba ingekuwa vizuri umwandikie barua pepe, ili uwe na ushahidi?
Yeye: Labda.
Mimi: Kwa nini unaogopa?
Yeye: Siogopi.

Akaandika ile barua pepe. Bosi akaichukulia kama kitisho, wakakosana. Kijana akarudi kwangu kwa hasira: "Wewe ndiye uliyesema niandike." Nikamjibu kwamba mimi niliuliza tu. Hajarudi tena wala hapokei simu yangu.

Mume wangu ananicheka. Anasema, "Watu wote hulipwa kwa wanachokijua, wewe unataka kulipwa kwa usichokijua." Nami nilikuwa nimepanga kuacha ajira mwisho wa mwaka huu. Waliotufundisha wananipigia kila wiki nilipie ngazi ya pili, wanasema ndiyo itakayonipa wateja.

Shangazi, hii kazi ni kazi kweli? Niache ajira? Na hawa wanaotaka majibu niwafanyeje?

Muulizaji

*

Marahaba, mwanangu.

Ahsante kwa kuyaandika hayo mazungumzo neno kwa neno. Wengi wanaoniletea matatizo hunieleza walivyoumia, nami nabaki kubahatisha kilichosemwa. Wewe umenipa kitu cha kushika. Kwa hiyo ajira na vyeti vingoje kidogo, nianze na huyo mhasibu.

Nimeyasoma mazungumzo yenu nikitafuta swali, sijaliona. Alama za kuuliza zipo, maswali hayapo. "Umewahi kufikiria kumwambia kwamba hutaki?" ni ushauri uliovaa nguo za swali. Uuvue nguo, utakuta "mwambie." La pili halikujisumbua hata kujificha. Mtu akiulizwa "huoni kwamba ingekuwa vizuri," ana njia mbili tu: akubali, au aonekane haoni. Kijana wa watu akajitafutia ya tatu, akasema "labda." Ukiisikia "labda" ya namna hiyo katika kazi hii, jua mteja ameshaondoka, kilichobaki kwenye kiti ni adabu yake.

Na la tatu? "Kwa nini unaogopa?" Nani alisema anaogopa? Umemtwisha hofu, kisha ukamtaka aitolee maelezo. "Kwa nini" na "mbona" si maneno mabaya, lakini kwa mtu aliyechoka huwa ni mashtaka, naye atatumia nguvu zake zote kujitetea badala ya kufikiri. "Nini kilikuzuia?" linauliza jambo lilelile bila kumpandisha kizimbani.

Usidhani nakutafutia makosa kwenye vitu vidogo. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus, na mwenzake John Palmer, waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa yakienda kasi gani. Wengine waliulizwa kasi ya magari "yalipobamizana", wengine "yalipogusana". Filamu ni zilezile. Wa kundi la kwanza walikadiria wastani wa karibu maili 41 kwa saa, wa kundi la pili karibu 32. Neno moja ndani ya swali limebadilisha kitu ambacho mtu amekiona kwa macho yake. Sasa fikiria neno "unaogopa" linafanya nini ndani ya mtu anayezungumzia kitu asichokiona vizuri, yaani maisha yake mwenyewe.

Turudi kwa kijana. Alikwambia, "Nimewahi, lakini hasikii." Hapo ndipo penyewe, nawe ukapapita mbio kwa sababu barua pepe ilikuwa tayari mdomoni mwako. Mtu anapokwambia amewahi kujaribu, amekufungulia mlango. Ulimwambiaje? Mlikuwa wapi? Akajibu nini, kwa maneno yake hasa? Ulijuaje kwamba hakusikia? Huenda alimwambia huku anacheka, bosi akadhani ni utani. Huenda alianza na "hakuna shida, bosi, ila..." na bosi akaishia kwenye "hakuna shida." Huenda alimwambia vizuri kabisa, na bosi akaamua kupuuza, na hilo ni tatizo la aina nyingine. Njia za kutokea zinategemea ipi kati ya hizo ilitokea. Ninavyomwona, hata yeye hajawahi kukaa akaitazama Ijumaa yenyewe. Anaitazama hasira yake tu.

Ukocha wa leo una asili kubwa katika viwanja vya tenisi, na kuna jambo la huko litakusaidia. Tim Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, aligundua kwenye miaka ya 1970 kwamba wachezaji walijifunza vizuri zaidi alipopunguza kuwaelekeza na kuwafanya waone kinachotokea. Mwingereza John Whitmore, ambaye kabla ya hapo alikuwa dereva wa magari ya mashindano, akaichukua fikra hiyo akaipeleka maofisini. Mwambie mchezaji "tazama mpira," atakwambia anautazama, hata kama akili yake iko nyumbani. Muulize mpira unazunguka upande gani unapomjia. Hawezi kukujibu bila kuutazama. Na wewe huhitaji jibu lake hata kidogo, unachohitaji ni yale macho.

Ndiyo maana kauli ya mumeo, pamoja na utani wake, imegusa penye ukweli bila yeye kujua. Sisi tumekua na "aulizaye njia hapotei". Huyo anauliza ili yeye afike. Katika maisha ya kawaida anayeuliza ndiye anayefaidika, anayejibu anatoa msaada. Daktari anakuuliza ili ajue, polisi vivyo hivyo, hata mimi ningekuwa na nafasi ningekuuliza mengi kwa faida yangu. Kwenye ukocha mambo yamegeuka: swali ni la kumfaidi anayeulizwa. Kwa hiyo mumeo amekosea kidogo tu. Hulipwi kwa usichokijua. Unalipwa kwa kuweza kukaa saa nzima bila kukimbilia unachokijua, na kwa mtu aliyezoea rasilimali watu miaka mingi, hiyo ni kazi ngumu kuliko anavyodhani. Wewe jibu unalo kabla mteja hajamaliza sentensi. Uzoefu wako ndio utakaokupa wateja na ndio huohuo utakaokukwaza.

Kuna jambo la pili ambalo maandishi yako hayakunionyesha, ila nina hakika nalo: hukunyamaza. Majibu yake ni mafupi mno. Mary Budd Rowe, aliyekuwa mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, alipima kwenye miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali darasani. Ilikuwa kama sekunde moja hivi, kisha mwalimu anamrukia mtoto mwingine au anajijibu. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu zaidi, waliosema "sijui" au kukaa kimya wakapungua, na watoto wakaanza kuuliza wenyewe. Sekunde tatu! Jaribu leo, utaona zilivyo ndefu. Mteja akitazama dari, usimsaidie. Akisema "sijui," subiri tena, maana mara nyingi "sijui" ya kwanza ni ya kununua muda. Kocha mgeni huogopa kimya kwa sababu anadhani kimya kinamwonyesha hana la kusema, basi anaongeza swali la pili juu ya la kwanza, na la tatu juu yake, mteja anachagua lililo rahisi.

Sasa hao wanaotaka majibu. Hapa nitatofautiana kidogo na waliokufundisha. Siamini ile dini ya "kocha hatoi jibu kamwe." Kuna majibu ambayo mtu hawezi kuyachimba kutoka moyoni mwake hata umuulize mpaka kesho. Mteja amefukuzwa kazi, na kuna muda maalumu wa kukata rufaa, naye haujui, wewe unaujua. Ukimuuliza "unahisi nini kuhusu hatua inayofuata," utakuwa umemdhulumu. Mwambie. Ila mwambie ukiwa umebadilisha kiti waziwazi: "Hapa naweka ukocha pembeni, nakupa taarifa ninayoijua kama mtu wa rasilimali watu." Akishaipata, rudi kwenye nafasi yako umuulize anataka kuifanyia nini. Kilichokuponza kwa mhasibu hakikuwa kutoa ushauri. Ulitoa ushauri ukajificha nyuma ya alama ya kuuliza, na ulipoharibika ukasema uliuliza tu. Alikuwa na haki ya kukasirika.

Lingine: huyo aliyekwambia amekuja kupata majibu hakukosea, alikuja dukani ambako hakuna kibao mlangoni. Mshauri elekezi huuza ujuzi. Mnasihi na mtaalamu wa saikolojia hushughulika na majeraha. Kocha hukusaidia ufikiri na utende juu ya jambo unalolitaka wewe. Hayo hupaswa kusemwa kabla ya kikao cha kwanza, kwa maandishi, pamoja na mipaka ya siri, bei, na namna kila mmoja anavyoweza kuvunja mkataba. Ungemwambia yule mteja mapema, "Nitakuuliza sana, na kuna siku utatoka hujaridhika," angeamua mwenyewe kubaki au kwenda. Na uandike humo jambo moja zaidi: mteja akikwambia halali wiki sasa, au anapigwa nyumbani, au amechoka kuishi, ukocha unasimama hapohapo, unamfikisha kwa wanaohusika. Katika hilo hakuna swali zuri la kuuliza isipokuwa lile la wazi, kama yuko salama sasa hivi.

Yule kijana usimpigie tena. Mwandikie ujumbe mfupi: wazo la barua pepe lilikuwa langu, nililiweka kama swali, haikuwa sawa kwako, nasikitika yalivyokwenda. Basi. Usimwombe arudi, wala usimweleze ulichojifunza kutokana naye.

Umeniuliza kama hii ni kazi kweli. Ni kazi, watu wanaishi kwayo, lakini karibu kila mahali haina leseni. Mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita kocha wa maisha, na wengi wameamka. Ndiyo maana vyama vya hiari vikajiwekea viwango. Kikubwa kinachojulikana ni International Coaching Federation, kilichoanzishwa mwaka 1995. Kwa ngazi yake ya kwanza wanataka mafunzo ya saa 60 na saa 100 za kukaa na wateja. Ya pili ni saa 125 za mafunzo na saa 500 za wateja. Ya juu kabisa, saa 200 za mafunzo na saa 2,500 za wateja. Hebu ziangalie hizo namba vizuri. Upande wa darasa unaongezeka kidogo, upande wa wateja unapaa. Wenye fani wenyewe wanakwambia makocha hutengenezwa wapi, na hapo hapauzwi kwa simu kila wiki.

Kwa hiyo ajira usiiache mwisho wa mwaka. Sisemi hivyo kwa woga. Kocha anayehitaji pesa ya mteja huyu ili alipe kodi ya nyumba mwezi huu huanza kumpendeza, na njia rahisi ya kumpendeza mteja ni kumpa jibu analolitaka. Mshahara wako ndio utakaokupa ujasiri wa kunyamaza zile sekunde tatu. Baki nao, chukua wateja wachache jioni na mwisho wa wiki, hesabu saa zako. Siku mapato ya ukocha yatakapokuwa yanaingia miezi kadhaa mfululizo bila wewe kuwabembeleza jamaa, tutazungumza upya. Na ukumbuke kwamba aliyejiajiri hafanyi ukocha siku nzima: anatafuta wateja, anaandika mikataba, anadai malipo, anapanga vikao vilivyoahirishwa. Wengi huchoshwa na hayo kabla hawajachoshwa na wateja.

Wafanyakazi wa kampuni yako usiwachukue kama wateja wa kulipa. Wewe unashika mafaili yao. Mtu hawezi kukwambia kwamba anatafuta kazi kwingine huku akijua kesho utakaa kwenye kikao cha kupanga nani abaki. Wa nje ndio wako, na ningekuwa wewe ningeanza na waliopandishwa cheo kwa mara ya kwanza, wale uliowataja mwanzoni. Wanalijua tatizo lao, wanalitaka litatuliwe, na wewe umewaona wengi kiasi kwamba hutashtuka kwa lolote watakalokwambia.

Zoezi lako la mwezi huu ni moja. Omba ruhusa kwa mteja mmoja, rekodi kikao, mhakikishie utaifuta, kisha sikiliza peke yako ukiwa na kalamu. Weka alama kila swali linaloweza kujibiwa "ndiyo" au "hapana", weka alama nyingine kila ulipoanza kusema kabla hajamaliza. Halafu tafuta maneno ambayo mteja aliyarudia nawe hukuyashika. Hayo ndiyo maswali ya kikao kijacho, ameshakuandalia. Utaona aibu, kila mtu huona aibu akijisikiliza. Ukipata kocha mzoefu wa kuisikiliza pamoja nawe, kwa idhini ya mteja, mlipe huyo pesa uliyotaka kuwalipa wale wa simu.

Na hao wa simu, kabla hujawapa hata senti, ni zamu yako kuuliza. Mafunzo yenu ya ngazi ya pili yanatambuliwa na chama gani? Saa ngapi kati yake zitahesabika? Ni nani hasa atanisikiliza nikiwa na mteja halisi, na mara ngapi? Waliomaliza mwaka juzi, naweza kuzungumza na wawili niliowachagua mwenyewe? Nikijitoa katikati, narudishiwa kiasi gani? Uliza moja, nyamaza, usiwajazie. Wakikujibu, andika. Wakianza kukwambia ofa inaisha leo saa sita usiku, aga vizuri, kata simu.

Shangazi